Shangazi, nimeshindwa kusema sina

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafanya kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja pale Posta. Mshahara ukishakatwa, mkononi unafika 650,000. Mume wangu ni fundi umeme wa kujitegemea. Akipata kazi tunakula vizuri, akikosa tunabana. Hatujawahi kulala njaa. Nakwambia hivyo ili ujue kwamba balaa lililonipata sikuletewa na njaa. Nimelifuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Tuko marafiki tisa. Tulianza miaka sita iliyopita tukiwa watano, tukicheza mchezo wa elfu ishirini. Sasa tuko tisa na mchezo ni elfu hamsini kila mwezi. Shangazi, hawa si watu wa kuwachezea. Baba yangu alipofariki walikodi Coaster usiku uleule wakanifuata mpaka Korogwe. Walipika, wakaosha masufuria, wakalala na mimi chini kwenye mkeka. Wakati mwili unatolewa ndani miguu iliniisha nguvu, na aliyenishika kiuno nisianguke ni mmoja wao.

Tatizo ni sare. Mwaka huu peke yake tumekuwa na shughuli tano: sendofu mbili, harusi mbili na arobaini ya mtoto. Kila shughuli ina kitambaa chake. Kuna mwenzetu anayekwenda Guangzhou, China, kuleta mizigo, ndiye anayetuletea lesi. Lesi 110,000, fundi 50,000, viatu na pochi vya rangi moja, nywele, na bado kadi ya mchango 100,000. Picha ya kitambaa ikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp, chini yake inakuja orodha ya majina yetu tisa. Ukilipa unawekewa tiki ya kijani. Shangazi, nimewahi kuamka saa nane usiku, mume na watoto wamelala, nikashika simu kwenda kuangalia ile orodha tu.

Mwezi wa nane tulibaki wawili bila tiki, mimi na mwenzangu mmoja wa Gongo la Mboto. Akanipigia pembeni, akaniuliza, "Hivi wewe umeshalipa?" Nikamjibu, "Zamani, ni vile hawajaniwekea tiki tu." Nilikuwa sijalipa hata mia. Kesho yake nikaenda kukopa.

Nilikopa kwa hawa wanaoitwa kausha damu. Walinipa 800,000, narudisha 135,000 kila wiki kwa wiki nane. Dhamana ni friji na runinga. Walikuja nyumbani kuvipiga picha mume wangu akiwa kazini. Nimeshalipa mara nne, na hiyo ya nne nililipa kwa kukopa 90,000 kwenye programu ya simu. Nayo imechelewa, na sasa wananitumia meseji kwamba watamwandikia kila mtu aliye kwenye simu yangu. Mume wangu hajui lolote.

Kazini nako ni yaleyale. Zamani nilikuwa nabeba chakula kwenye hotpoti. Wenzangu wanne wa ofisini wanakula mgahawani, sahani 12,000. Siku moja nilifungua hotpoti, wali na maharage, dada mmoja akasema, "Leo ofisi inanukia nyumbani." Hakusema kwa ubaya, alikuwa anacheka tu. Lakini tangu siku ile hotpoti inakaa kwenye droo. Mara tatu kwa wiki naenda nao mgahawani, siku mbili zilizobaki nasema nimefunga au tumbo linaniuma.

Kilichonifanya nikuandikie ni binti yangu wa miaka minane. Jumapili nilikuwa nasafisha begi lake la shule. Chini kabisa, chini ya madaftari, nikakuta chapati tatu zimezungushiwa kitambaa cha jikoni. Moja ilikuwa imekauka kama kadibodi, nyingine imeanza kuota ukungu. Ni za siku tatu. Nilipomuuliza alinyamaza, halafu akasema wenzake wanaleta juisi za boksi na biskuti za chokoleti, yeye anaona aibu kutoa chapati. Nilitaka kumchapa, mkono ukagoma. Nilikumbuka droo yangu.

Sasa kuna sendofu ya Desemba, lesi imepanda mpaka 130,000. Na Januari mmoja wetu anatimiza miaka arobaini, tumeambiwa tutaenda Zanzibar siku mbili, kila mtu 450,000. Nijitoe kundini? Nikijitoa nitazikwa na nani? Mume wangu nimwambie au nimalize deni kwanza kimyakimya? Na mtoto nimfanye nini?

Niliyebanwa, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umefanya vizuri kuandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale ulipopita haraka. Mwenzako wa Gongo la Mboto alikupigia pembeni akakuuliza, "Hivi wewe umeshalipa?" Hebu ikae hiyo sentensi kichwani. Aliyelipa hana haja ya kuuliza hivyo. Anayeuliza hivyo, tena pembeni, tena akiwa na jina lisilo na tiki kama lako, anatafuta mwenzake. Alikuwa anagonga mlango wako kwa kidole kimoja, na wewe ulikuwa ndani ukizima taa asijue kwamba upo. Ulipomwambia "zamani", alibaki peke yake. Naye lazima alitafuta pa kukopa.

Sikulaumu. Nakwambia kwa sababu naamini dawa ya shida yako iko kwa huyo dada.

Kuna jaribio moja ambalo nimelifikiria sana nikisoma barua yako. Mwaka 1951 mtaalamu wa saikolojia nchini Marekani, Solomon Asch, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na vijana wa chuo. Aliwaketisha pamoja, akawaonyesha kadi yenye mstari mmoja na kadi nyingine yenye mistari mitatu, kisha akawauliza ni upi kati ya ile mitatu unaolingana na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi, hata mtoto angelijua. Ila katika kila kikundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anapimwa. Wengine wote walikuwa wamepangwa waseme jibu la uongo kwa pamoja. Yule mmoja anasikia wa kwanza anakosea, wa pili anakosea, wa tatu hivyohivyo, zamu inamfikia. Karibu robo tatu ya waliopimwa waliufuata uongo angalau mara moja, huku macho yao yakiona ukweli.

Lakini sehemu ninayotaka uishike ni hii. Asch alipomweka mezani mtu mmoja tu anayesema jibu sahihi, mambo yaligeuka. Wengine wote waliendelea kusema uongo kama mwanzo, ila kule kufuata kulishuka hadi karibu robo ya kulivyokuwa. Yule kijana hakuhitaji nusu ya meza iwe upande wake, wala hotuba. Alihitaji sauti ya mtu mmoja.

Kwenye ile orodha yenu ya tiki mko tisa. Kila mmoja akiiangalia anaona wanane wenye uwezo na yeye peke yake aliyebanwa. Wewe unawaona wao hivyo, na wao wanakuona wewe hivyo, maana picha zako zimejaa lesi na tabasamu. Sikuambii kwamba wote tisa wana madeni, sina haki ya kusema hivyo. Nakuambia kwamba mko angalau wawili. Na wawili wanatosha kuanza.

Basi mtafute. Usimwandikie, sauti ya meseji haina uso. Nenda Gongo la Mboto mwenyewe, au mkutane Buguruni mnywe chai. Mwambie ukweli ule uliomficha: "Siku ile uliponiuliza kama nimelipa nilikudanganya. Sikuwa nimelipa. Nilikwenda kukopa, na mpaka leo nalipa." Usimuulize yeye ana deni gani. Ukishasema la kwako, nyamaza umwache anywe chai yake. Atasema mwenyewe akitaka.

Sasa tuje kwenye moto unaowaka, maana mengine yanaweza kusubiri siku chache, huu hauwezi.

Mume wako mwambie leo. Wamepiga picha friji na runinga. Siku watakayokuja na kirikuu kuvichukua ataukuta ukweli mlangoni mbele ya majirani, na hapo kitakachomuuma hakitakuwa pesa. Mkalishe watoto wakishalala. Usianze kwa kulia. Anza na karatasi: nilikopa 800,000, nimelipa 540,000, zimebaki 540,000, na simu nadaiwa 90,000 na nyongeza yake. Mwanaume fundi anaelewa hesabu ya karatasi kuliko maneno ya kuzunguka. Anaweza kukasirika, na ana haki. Muombe radhi kwa kumficha. Mwache akasirike mkiwa na hesabu mezani, ndipo mtakapoweza kuifanyia kazi wote wawili.

Halafu tazama hesabu yenyewe. Wamekupa 800,000, wanataka 1,080,000 ndani ya wiki nane. Ni nyongeza ya 280,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani hawa wanaokopesha bila kupokea amana za watu. Asilimia 3.5 ya laki nane ni 28,000. Kwa miezi miwili ni 56,000. Wewe unatozwa mara tano ya hapo. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa namna hiyo awe na leseni. Kabla ya kulipa tena nenda na mume wako ofisini kwao, mkaombe kuona leseni na nakala ya mkataba uliosaini. Wakikataa kuonyesha, wewe unafanya kazi Posta, na ofisi ya Benki Kuu iko Mtaa wa Mirambo, ni mwendo wa mguu. Peleka malalamiko yako kwa maandishi pamoja na risiti za ulicholipa. Sikuahidi kwamba watakufutia deni. Ila mtu anayejua hesabu yake na anayejulikana kwamba amekwenda Mirambo hazungumziwi kama yule anayejificha.

Hao wa programu ya simu nao usiwaogope kwa namna wanavyotaka uwaogope. Meseji zao za vitisho usizifute hata moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, kwa hiyo hakikisha kwanza unadaiwa na nani. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Tume yake. Namba za simu za rafiki zako si mali ya mkopeshaji, hana ruhusa ya kuzitumia kukuaibisha. Deni lenyewe lilipe, ni haki yao kama kweli walikupa. Na usikope tena popote kulipia deni lingine. Ile wiki ya nne uliyolipa kwa mkopo wa simu ndiyo iliyokutoa kwenye kubanwa ikakutia kwenye kuzama.

Pesa zitoke wapi? Njia mbili ziko mikononi mwako tayari. Ya kwanza ni mchezo. Hujaniambia zamu yako ni lini, lakini kama hujapokea, zungumza na kijumbe anayesimamia mchezo ubadilishane zamu na mtu asiye na haraka. Watu tisa kwa elfu hamsini ni 450,000. Kubadilishana zamu ni jambo la kawaida, kila kijumbe amewahi kuombwa. Najua unaogopa ataulizia sababu. Mwambie, "Nina deni nataka kulimaliza." Sentensi hiyo ni fupi na haina aibu yoyote ndani yake. Ya pili ni mgahawa. Sahani 12,000 mara tatu kwa wiki ni 36,000, kwa mwezi inagonga 150,000. Ni karibu robo ya mshahara wako, mwanangu, na siku zilizobaki unashinda na njaa ukisingizia tumbo.

Nije kwenye kundi. Umeniuliza ujitoe. Mimi nasema usijitoe.

Mtu aliyekushika kiuno usianguke mbele ya maiti ya baba yako hakuwa anaangalia umevaa nini. Nina hakika siku ile Korogwe mlivaa kanga zozote zilizokuwa kwenye mabegi, kila mtu ya kwake, na hakuna aliyeweka tiki. Huo ndio urafiki wenu. Hizi lesi zimekuja juu yake baadaye. Unachokiogopa kukipoteza hukukinunua kwa lesi, hata uwe unakilipia kila mwezi.

Mimi nimekulia Magomeni. Mama yangu na wenzake wa maulidi walikuwa na sare pia, usidhani sare imeanza na simu. Walikuwa wanakwenda Kariakoo kundi zima, wanasimama mbele ya duka wanabishana juu ya jina la kanga, hili lina fumbo baya, hili litawaudhi wa mtaa wa pili, mpaka wanakubaliana doti moja. Nakumbuka harufu ya zile doti mpya zikiwa bado zimeungana, na mama akikaa barazani kuzikata katikati na kupinda mapindo kwa sindano ya mkono. Mwenzao mmoja alikuwa mjane wa watoto watano. Sijawahi kusikia jina lake likisomwa kwamba hajalipa. Kuna mwaka niliona mama akikata doti mbili badala ya moja, akanituma nipeleke ile ya pili kwa yule mjane jioni, giza likishaingia, na akaniambia nikifika niseme tu, "Mama amesema hii ni ya kwako." Na maulidi yakiisha kanga ile inavaliwa nyumbani, inakwenda nayo sokoni, inambeba mtoto mgongoni, mwisho inakatwa nepi. Lesi yenu inavaliwa jioni moja. Ukiivaa mara ya pili mtu anaitambua kwenye picha.

Kwa hiyo kushawishiwa na wenzetu hatukuanza jana. Miaka ya sabini kaka zetu hapa Dar walijinyima kula wapate viatu vya raizoni na suruali za bugaluu, kwa sababu tu wa mtaa wa pili walikuwa nazo. Kabla ya hapo, mwaka 1968, vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana kupiga marufuku vimini na suruali za kubana, na hata kwa amri ile bado wasichana walitafuta namna ya kufanana na wenzao. Wala si sisi peke yetu. Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezeshwa kwa namba za posta: namba ya mtaa ikitoka, wenye tiketi pale wanapata fedha na mmoja anapata gari la BMW. Watafiti walikwenda kuwaangalia majirani ambao hawakucheza wala kushinda chochote, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: majirani wa walioshinda nao walielekea zaidi kununua magari. Hakuna aliyewaambia wanunue. Waliona gari jipya nje ya nyumba ya pili, basi. Kwa hiyo acha kujiita mjinga. Moyo wa binadamu unapima kilicho chake kwa kutazama cha jirani, na wako umefanya hivyohivyo.

Kilichobadilika ni kwamba mama alikuwa anamwona jirani mlangoni, akiwa na lesi na akiwa hana chumvi. Wewe unawaona wenzako kwenye simu tu, wakiwa na lesi.

Kuna jambo jingine, na ninalisema kwa uangalifu kwa sababu simjui mtu huyo. Anayewaletea kitambaa kutoka Guangzhou ni mfanyabiashara. Biashara ni halali yake, watoto wake wanakula hapo. Ila anayeuza kitambaa hafai kuwa ndiye anayeamua kwamba kitambaa kinunuliwe, wala anayeweka tiki. Inawezekana hata yeye hajawahi kuliona hivyo. Ameagiza mzigo, una gharama, anataka uishe. Lisemeni kikaoni bila kumshutumu: uamuzi wa sare uwe wa wote tisa, kitambaa kikatafutwe popote, na mwenzetu naye alete bei yake kama wengine.

Hapo ndipo mtakapohitajiana, wewe na wa Gongo la Mboto. Kabla ya kikao mkubaliane maneno. Mmoja aseme, "Jamani, sendofu ya Desemba mimi lesi ya 130,000 siiwezi. Naomba tuvae kanga, doti moja yenye jina zuri kwa bibi harusi." Doti ya kanga haifiki robo ya bei ya lesi yenu. Wa pili aseme palepale, asiache kimya kikae: "Hata mimi siiwezi." Usiseme "wengine hawawezi", sema "mimi". Na mwombe kijumbe ile orodha ya tiki iondolewe kundini, malipo yabaki kati ya mtu na mweka hazina. Ile orodha ndiyo inayokuamsha saa nane za usiku.

Wakikataa je? Huenda wakakataa mara ya kwanza. Basi nenda kwenye sendofu na kanga yako nzuri, nguo iliyopigwa pasi, na mkono wa kusaidia jikoni. Mchango toa unaoweza, hata elfu thelathini, ukiutoa mapema kabla hujadaiwa. Zanzibar usiende. Mwambie mwenye siku yake mwenyewe, uso kwa uso, kwamba nauli huna mwaka huu na utampikia siku akirudi. Kama kuna mtu atakayekukataa kwa hilo nitasikitika pamoja na wewe. Ila sidhani kama ni yule aliyelala na wewe kwenye mkeka Korogwe.

Binti yako sasa. Umefanya vizuri sana kutomchapa. Hakutupa chakula, nimeligundua hilo na limenigusa. Angeweza kuzitupa chapati zile kwenye pipa la shule usijue kamwe. Amezirudisha nyumbani siku tatu, amezizungushia kitambaa, kwa sababu anajua nani amezisukuma na saa ngapi aliamka. Aliona aibu mbele ya wenzake na aliona aibu mbele yako, akashindwa kuchagua. Mtoto wa hivyo huna haja ya kumpigia kelele.

Usimnunulie juisi za boksi kila siku, na usimhubirie habari za watoto wasio na chakula. Fanya hivi: Jumapili msukume chapati pamoja, laini, umwachie yeye azikunje. Jumatatu mfungie mbili badala ya moja, na umwambie ya pili ni ya rafiki yake, amchague mwenyewe. Chapati ya nyumbani yenye moto wa asubuhi inaishinda biskuti ya dukani kwa mtoto yeyote, anachohitaji ni mwenzake mmoja wa kuila naye. Wakiwa wawili wanaokula chapati, kesho utaombwa ya mtu wa tatu. Hata hapo kwenye meza ya watoto wa miaka minane mambo ni yaleyale ya Asch.

Na wewe hotpoti itoe kwenye droo. Pika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, jaza wa kutosha watu wawili. Yule dada aliyesema ofisi inanukia nyumbani, mkaribishe yeye wa kwanza. Nimelifikiria neno lake lile, na huenda ulilisikia vibaya. Mtu anayekula mgahawani kila siku akisema kitu kinanukia nyumbani, inawezekana alikuwa anatamani.

Mume leo, mkopeshaji kesho kutwa, Gongo la Mboto wiki hii kabla ya kikao. Kisha niandikie. Nataka kujua yule dada alijibu nini ulipomwambia ulimdanganya.

Shangazi